"Just" si "tu" peke yake

Ndugu zangu wasikilizaji, walimu, wafasiri na wakalimani, na ninyi mnaojisomea Kiingereza bila mwalimu, asanteni kwa kufika.

Mada yangu ni kielezi kimoja cha Kiingereza: "just". Nimekichagua kwa makusudi. Neno refu usilolijua halikudhuru sana. Unafungua kamusi, unasoma, mambo yanaisha. Linalodhuru ni lile ulilokutana nalo mwanzo kabisa wa kujifunza, ambalo hujawahi kulifungulia kamusi kwa kuwa unaamini unalijua. Muulize mwanafunzi yeyote maana ya "just", atakujibu bila kusita: "tu". Hajasema uongo. Lakini ametaja kipande kimoja cha neno, na wapo watu wanaoishi na kipande hicho mpaka wanapata vyeti, mpaka wanafasiri nyaraka za wenzao, bila kujua kwamba viko vipande vingine.

Sikilizeni sentensi hii: "I just told her to wait." Ni maneno sita, hakuna hata moja gumu. Mmoja wenu atanifasiria, "Nimemwambia sasa hivi asubiri." Mwingine atasema, "Nilimwambia asubiri, basi." Wote wawili wamefasiri vizuri, na wamesema mambo mawili mbalimbali. Wa kwanza anatoa taarifa ya wakati. Wa pili anajitetea: yuko mwanamke amekasirika, pengine analia, na msemaji anaapa kwamba hakumtendea lolote zaidi ya kumwambia asubiri. Mchukueni msemaji huyo mahali anapohojiwa, halafu mkalimani achague fasiri ya kwanza. Utetezi wake umefutika, na waliomsikiliza hawajui kama aliwahi kujitetea.

Imekuwaje neno moja libebe yote hayo? Chimbuko lake ni Kilatini, "iustus", yaani mwenye haki, na hilo nalo limetoka katika "ius", sheria au haki. Lilipitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katika zama za kati, na maana ile ya kale ingalipo: "a just ruler" ni mtawala mwadilifu, na "justice" ni haki yenyewe. Jambo la haki ni jambo lililokaa pale linapostahili, halikuzidi wala halikupungua. Kufikia mwaka 1400 hivi, Waingereza walikwisha kulitumia neno hili kama kielezi chenye maana ya "barabara", "sawasawa". Wapiga chapa wana kitenzi "justify", yaani kupanga maneno ili kila mstari uishie pale pale ulipoishia mwenzake. Programu zetu za kuandikia zina kitufe cha kazi hiyo mpaka leo. Kisha katika karne ya 17 zikaota maana nyingine mbili, ile ya "sasa hivi" na ile ya "tu".

Njia hiyo ukiifuata haina maajabu. Jambo lililogusa alama barabara, ukilipeleka kwenye wakati, linakuwa limegusa sasa: limetokea muda huu huu. Ukilipeleka kwenye kiasi, linakuwa limeishia hapo, halikuvuka, na hiyo ndiyo "tu". Na kama limeishia hapo na lilibaki kidogo lisifike, hiyo ni "chupuchupu". Kwa hiyo ninawaomba, kabla hamjaandika "tu", mjiulize ni nini hasa kinachobanwa katika sentensi: wakati, kiasi, ulinganifu, au uzito wa ombi analobebeshwa msikilizaji. Mkilijua hilo, Kiswahili kitawapa neno chenyewe, kwa kuwa kazi hizo Kiswahili kimezigawa kwa maneno tofauti.

Tuanze na ulinganifu, nao hautatuchukua muda. "He is just like his father." Mzoefu wa "tu" ataandika "Yeye ni kama baba yake tu," na msomaji atahisi kwamba mtoto anabezwa. Mswahili anasema, "Huyu ni baba yake mtupu." "This is just what I needed" ikiandikwa "Hiki ni kile tu nilichohitaji," imekuwa habari ya kiasi, kana kwamba msemaji angeweza kupewa na zaidi akakataa. Kumbe anafurahi: "Hiki hasa ndicho nilichokuwa nakitaka." Hasa, barabara, papo hapo, vilevile, hayo ndiyo maneno ya upande huu.

Kwenye wakati mambo yamekolea. "She has just left." Nimesoma fasiri nyingi zinazosema "Ameondoka tu." Hebu isikilizeni kwa masikio ya Kiswahili. "Ameondoka tu" maana yake ameondoka hivi hivi, bila kuaga, bila sababu, labda kwa hasira. Kiingereza hakikusema lolote la namna hiyo; kilisema, "Ametoka sasa hivi," au "Ndiyo kwanza ametoka." Na hii "ndiyo kwanza" ni mali yetu ambayo wafasiri wengi wanaisahau. "The meeting is just starting": mkutano ndiyo kwanza unaanza. "I was just about to call you": ndiyo kwanza nilikuwa nataka kukupigia. Ukiizoea, sentensi zako zitaacha kunuka tafsiri.

Hapo hapo kwenye wakati, Waingereza na Wamarekani hawaendi pamoja. Mwingereza kwa desturi husema "I've just eaten", kwa kitenzi kinachounganisha jambo lililopita na sasa. Mmarekani husema "I just ate" bila wasiwasi wowote, na kwake hilo ni Kiingereza safi. Wanafunzi wangu huniuliza ipi ni kosa. Hakuna kosa, kuna pande mbili za bahari. Ila sentensi ya Kimarekani ina hatari yake kwa mfasiri, kwa sababu kitenzi hakimsaidii kujua kama "just" ni la wakati au la kiasi. "I've just told her" karibu siku zote ni la wakati. "I just told her" lazima usome sentensi za kabla na za baada.

Halafu kuna Afrika Kusini. Huko "just now" haimaanishi sasa hivi hata kidogo. Mtu akikuambia "I'll do it just now", anamaanisha atalifanya baadaye, wakati wowote usiotajwa, na kama anakusudia mapema zaidi atasema "now now". Jirani wa usemi huo ni neno la Kiafrikaans "netnou", ambalo linaweza kuwa la muda mfupi uliopita au la muda kidogo ujao. Kwa hiyo ukifasiri maongezi ya Mwafrika Kusini kwa kamusi ya London, utamfanya mtu mkweli aonekane mwongo: aliahidi baadaye, wewe umemwandikia "sasa hivi".

Nimetaja chupuchupu. "He just passed the exam" inaweza kuwa amefaulu sasa hivi, matokeo yametoka, na inaweza kuwa amefaulu kwa taabu, amepita kwenye tundu la sindano. Waingereza wenyewe wanaujua utata huo, ndiyo maana wakitaka maana ya pili huongeza neno: "he only just passed". Mkiona "only just", msihangaike kutafuta "tu" mbili. Ni chupuchupu moja. Jirani yake ni "just in time". Kampuni ya Toyota ya Japani ilijenga mfumo wake wa uzalishaji juu ya maneno hayo, na hata Wajapani huyatamka kwa Kiingereza. Taiichi Ohno ndiye anayetajwa zaidi kwa kuukuza baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwao maana ni kwamba kila kifaa kifike kiwandani wakati kinapohitajika barabara, si mapema kikarundikwa ghalani, si kwa kuchelewa. Lakini Mwingereza wa kawaida akisema "you've come just in time", ana hofu kidogo kooni: umewahi, bado kidogo ungechelewa. Kiwandani maneno hayo ni mpango, mlangoni ni ahueni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu huliruka, nafasi ya neno katika sentensi. "Tu" letu hukaa nyuma ya kile linachokibana: "kimoja tu", "Jumatatu tu", "nimemsalimia tu". "Just" hukaa mbele. Hilo ni rahisi mpaka pale kikanushi kinapoingia. "I am not just a teacher." "I am just not a teacher." Maneno ni yale yale, mawili yamepishana nafasi. La kwanza ni la mtu anayejivunia: mimi si mwalimu tu, nina na mengine. La pili ni la mtu aliyekwisha kujichunguza na kukata shauri: ualimu si kazi yangu, basi. Vivyo hivyo "I just don't know" ni kutojua kabisa, sijui na usiniulize zaidi. Hapo "tu" halifai hata kidogo, "kwa kweli sijui" ndiyo yenyewe. Fundisheni sentensi hizi mbilimbili, mkiziandika moja juu ya nyingine. Mwanafunzi akiziona zimepangwa hivyo, hazisahau.

Na nafasi ikikosewa inaweza kuumiza. "Take just one tablet" ni amri ya kiasi: kidonge kimoja tu, usizidishe. "Just take one tablet" ni kumtuliza mtu: wewe meza kidonge kimoja, hakuna shida, jambo ni dogo. Sentensi ya pili haikuweka mpaka kwa sauti ile ya kwanza. Mkalimani aliyeketi kati ya daktari na mgonjwa anatakiwa asikie tofauti hiyo, na kama hakuisikia vizuri, amuulize daktari. Kuuliza ni sehemu ya kazi yake, na anayeona aibu kuuliza ndiye wa kuogopwa.

Hapa niseme na matamshi, kwa ufupi. Neno hili mara nyingi halitamkwi kikamilifu. Likifuatwa na konsonanti, ile "t" ya mwisho humezwa, na irabu yake hufifia. Msikilizaji anayengoja kusikia "jast" yenye herufi zote atalikosa, ataona sentensi imepita bila neno hilo, na ataambulia nusu ya maana.

Ndugu zangu, sehemu iliyobaki ndiyo inayonigusa kuliko zote, kwa sababu ni ya heshima baina ya watu. "Just" ni neno la adabu. "I was just wondering if you could help me." Tazameni mtu huyu anavyojipunguza: ameliweka ombi lake katika wakati uliopita, amelifanya liwe la kuwazawaza, na juu yake ameweka "just". Anachotaka ni msaada, leo, sasa. Wapo wanaodhani hii ni tabia ya Kizungu ya kuzungukazunguka. Lakini sisi je? "Nilikuwa naomba unisaidie." Mbona nasi tumetumia wakati uliopita kwa jambo tunalolitaka sasa? Adabu hiyo tunayo. Na kile ambacho Mwingereza anakifanya kwa "just" katika maombi, sisi hatukifanyi sana kwa "tu". Tunakifanya kwa "kidogo". "Could I just borrow your pen?" Niazime kalamu yako kidogo. "Can I just say something?" Naomba niseme kidogo. "Just a moment." Subiri kidogo. Kalamu haiazimwi nusu, na hakuna anayedhani hivyo. "Kidogo" hapo halipimi kalamu, linapunguza uzito wa ombi begani kwa mwombwaji. Kwangu huo ndio ufunguo mkubwa wa neno hili, na nashangaa vitabu vya kiada vinavyolifundisha vinaishia kwenye "tu".

Mwaka 2015 neno hili liliingia katika mabishano makubwa. Ellen Petry Leanse, aliyewahi kufanya kazi Google, aliandika kwamba ameona wanawake kazini wakiandika "just" mara nyingi kuliko wanaume, na kwamba linawafanya waonekane wanaomba ruhusa ya kuwepo. Akashauri liachwe. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikatoka programu ndogo ya kuongezwa kwenye barua pepe za Gmail, iitwayo Just Not Sorry, inayopigia mstari maneno kama "just" na "sorry" ili mwandishi ayafute. Wanaisimu hawakunyamaza. Deborah Cameron, profesa wa Oxford, alipinga, akieleza kwamba neno hili lina kazi nyingi, kwamba si kila linapotokea ni la kujishusha, na kwamba ushauri wa namna hii unawatwika wanawake mzigo wa kujichunga ulimi.

Mimi niko upande wa Cameron, na nasema hivyo waziwazi. Mtu anayeandika "I just wanted to check" amemwachia mwenzake nafasi ya kusema hapana bila kuaibika. Huo si udhaifu, ni malezi. Ninalokubali kwa Leanse ni hili: kama barua moja ina "just" tano, mwandishi hana uhakika na ombi lake, na msomaji atamhisi. Basi apunguze, abaki na moja, ile inayofanya kazi. Kufuta zote kwa mashine ni kumfundisha mtu ukavu.

Kwenye amri neno hili lina nyuso mbili, na ni sauti inayoamua. "Just sit down" kwa sauti laini ni karibu, kaa zako, usihangaike. Kwa meno yaliyokazwa ni "kaa chini!", na nimechoka nawe. "Just do it", kaulimbiu ya Nike tangu mwaka 1988, iko karibu na wa kwanza: acha kusitasita, fanya. Hapo ndipo ninapolirudishia "tu" heshima yake, kwa sababu "fanya tu" ya Kiswahili ina maana hiyo hiyo ya kumwondolea mtu woga. Njoo tu. Sema tu. Uliza tu. Kiingereza na Kiswahili vimekutana hapo.

Bado kuna "just" la kumshusha mtu. "She's just a cleaner." "He's just a driver." Hapa "tu" linatosha kabisa, na linauma kwa lugha zote mbili: ni mfagizi tu, ni dereva tu. Wafasiri wachanga, kwa huruma, huliondoa. Msiliondoe. Kama msemaji amedharau, msomaji ana haki ya kuisikia dharau ilivyotamkwa, la sivyo mmemsafisha asiyestahili kusafishwa. Lakini mtu anaposema neno hilo juu yake mwenyewe, "I'm just a student", tazameni kwanza anaongea na nani. Huenda ni unyenyekevu mbele ya mkubwa, na Kiswahili kitasema, "Mimi bado mwanafunzi." Huenda ni ombi la kupunguziwa lawama. Huenda pia amezoea kuambiwa hivyo na watu mpaka ameamini. Mwalimu anayemsikia mwanafunzi wake akijitaja kwa "just" kila siku asiishie kumsahihisha sarufi. Amuulize ni nani aliyemfundisha kujitaja hivyo.

Naona mikono imeinuka, na mmoja wenu aliniuliza mapema kuhusu "just about", nami nikamwahidi jibu. "I'm just about finished" maana yake ni "nakaribia kumaliza", haina "tu" wala "sasa hivi" ndani yake. Ila "I'm just about to finish" ni "ndiyo kwanza niko mbioni kumaliza", na hapo wakati umerudi. Herufi mbili, "to", ndizo zilizoleta tofauti. Sasa leteni sentensi zenu, na kila atakayesoma yake aanze kwa kutuambia ilisemwa na nani, kwa nani.